Bia Njema ya Kisangani

Mtu wa Kindu aendaye Kisangani kwa njia ya mto hushuka na chombo mpaka Ubundu. Hapo maporomoko ya Boyoma humzuia, naye hushika njia ya nchi kavu yapata kilometa 125. Hufika amechoka, na mara nyingi huniuliza kabla ya safari: "Mwalimu, bia njema nitaipata wapi?"

Mimi humjibu hivi. Bia ya Primus imepikwa kwa miaka mingi mjini humo na kampuni ya Bralima, iliyoanzishwa mwaka 1923 huko Kinshasa, zamani ikiitwa Léopoldville. Kwa hiyo bia si shida. Shida ni mahali pa kuinywea. Tafuta nganda iliyo karibu na mto, penye samaki wa kuchoma na kwanga, kwa maana bia haipatani na tumbo tupu. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako. Ukiletewa lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo ikenekwayo majumbani, ikatae: hakuna ajuaye nguvu yake wala sumu iliyomo.

Kisha uhesabu. Chupa kubwa ina sentilita 72. Ya kwanza huondoa uchovu, ya pili hunogesha mazungumzo. Kuanzia ya tatu, baba hunywa karo ya mwanawe wa sekondari. Nimewaona watoto hao wakirudishwa nyumbani na madaftari yao mkononi.

Basi, msafiri mpendwa, kunywa kwa furaha, urudi Kindu na karo mfukoni.