Mwenye Kupima Chakula na Ale wa Mwisho

Wakati wa likizo makanisa mengi hukusanya vijana wake kambini, wakae pamoja tangu Ijumaa jioni hata Jumapili mchana, wasome Neno, waimbe, wacheze na kujuana. Habari za mafundisho ya kambi zimeandikwa mara nyingi na watu hodari kuliko mimi. Lakini habari za chungu hazisemwi sana, kana kwamba chakula hujipanga chenyewe. Mimi nimepewa kazi hiyo mara kadhaa huku kwetu milimani Usambara, nami nataka kuwaeleza niliyojifunza. Maana naamini ya kuwa kijana hukumbuka jinsi alivyolishwa kabla hajakumbuka alivyofundishwa.

Watu wengi hudhani kazi ya mnunuzi huanza sokoni. Sivyo. Huanza nyumbani, kwa kalamu na daftari, siku nyingi kabla ya soko. Wazee walikwisha kutuonya ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo la kwanza la kuandika ni hesabu ya vinywa, wala si hesabu ya vijana peke yao. Katika kambi moja vijana walioandikishwa walikuwa 96. Lakini walikuwako na walimu na viongozi 12, na wapishi 6, na walinzi, na mchungaji na wageni wake. Hao wote nao wana matumbo. Tulipowajumlisha wakawa watu 120. Kisha tukahesabu nyakati za kula: Ijumaa mara moja, Jumamosi mara tatu, Jumapili mara mbili, jumla mara sita. Basi 120 mara 6 ni sahani 720. Mtoto wa shule aweza kuifanya hesabu hii, walakini nimeona kamati ya watu wazima ikienda sokoni bila kuifanya.

Jambo la pili ni kuchagua chakula kwa kufuata saa, si kwa kufuata tamaa. Ijumaa vijana hawafiki pamoja. Wengine hutembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, wengine hungojea gari. Kwa hiyo usiku ule tulipika makande, kwa sababu makande humngojea mtu, bali ugali haumngojei. Jumamosi asubuhi tulipanga uji na viazi vitamu. Mchana ugali na maharage na mchicha. Jioni wali na nyama na kabichi, ndiyo karamu yetu. Jumapili asubuhi chai na magimbi. Na mchana, kabla ya kuagana, wali na maharage. Nyama tuliiweka siku moja tu, tena siku ile ile ya kuchinjwa, kwa kuwa kambini hatuna mahali pa baridi pa kuiwekea.

Jambo la tatu ni kipimo. Nawapeni vipimo vyetu ili mwenye kutaka avitumie. Kilo moja ya unga wa ugali hushibisha vijana 4. Kilo moja ya mchele watu 6. Kilo moja ya maharage ya kitoweo watu 10. Kilo moja ya nyama watu 8, wala hapo hakuna anayepata kipande kikubwa. Kwa uji, kilo moja ya unga hutosha watu 20. Makande tulitia kilo 14 za mahindi yaliyokobolewa na kilo 7 za maharage. Ukikokotoa yote kwa watu 120 utapata mchele kilo 40, maharage kilo 31, unga kilo 36, nyama kilo 15. Tena viazi vitamu na magimbi kilo 60, sukari kilo 7, mafuta lita 8, na chumvi kilo 3.

Nilipompelekea mama aliyekuwa mkuu wa wapishi karatasi hiyo, aliisoma yote taratibu, kisha akasema, "Mwalimu, hesabu yako ni nzuri. Lakini wewe umehesabu watu, nami napika kwa sufuria. Ugali wa kilo 30 utasongwa na nani?" Nikamwambia, "Nieleze, Mama." Akanieleza ya kuwa mwanamke mwenye nguvu aweza kusonga unga kilo 10 katika sufuria moja, zaidi ya hapo ugali hubaki na mabuje. Basi zatakiwa sufuria tatu, miiko mitatu, mafiga ya mioto mitatu, na kuni za kuwaka pamoja, si moja baada ya moja, ama sivyo watu wa kwanza watakuwa wamekwisha kula na wa mwisho hawajaona moshi. Tangu siku ile kila ninapoandika kilo za chakula, huandika kando yake sufuria, kuni, maji na mikono ya watu.

Maji nayo yana hesabu yake. Wanaohudumia watu waliokimbia makwao hukadiria lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, ya kunywa, kupikia na kunawa. Kwa watu 120 hizo ni lita 1,800, yaani ndoo 90 za lita 20. Nani atazichota? Hapo nakumbuka neno la wazee, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambi yetu haifiki siku ya tatu nzima, kwa hiyo sisi hutoa jembe siku ya kwanza. Vijana 96 tuliwagawa katika makundi 8 ya watu 12: kundi moja maji, moja kuni, moja kumenya, moja kuosha vyombo, na mengine kupokea zamu baadaye, wavulana na wasichana bila kubaguana.

Sasa twende sokoni. Vitu vikavu hununuliwa mapema. Mboga hununuliwa Ijumaa. Nyama Jumamosi alfajiri, nayo iwe na muhuri wa mkaguzi. Huku milimani kabichi, maharage na viazi twavipata karibu, lakini mchele hutoka bondeni, kule Mombo na Korogwe, kwa hiyo yafaa kuuagiza kabla. Tena angalieni vipimo. Zamani watu wa nchi hizi walipima kwa kibaba na pishi, vibaba 4 kwa pishi moja. Na kibaba kilikuwa cha namna mbili, cha mfuto, yaani kilichosawazishwa, na cha tele, yaani kilichorundikwa. Debe la leo lina hila zile zile. Mwenye kununua kwa ajili ya watu wengi na aombe mizani, maana punje chache zinazopungua katika kila debe huwa chakula cha watu kumi katika gunia.

Mahindi na karanga vilivyoota ukungu msinunue hata vikiuzwa rahisi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 miongoni mwao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kadhalika maharage mekundu yasiyochemka sana hutapisha na kuumiza tumbo. Na wali uliolala katika sufuria usiku kucha waweza kuzaa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo wali wetu uliobaki Jumamosi tuliwapa majirani usiku ule ule, ungali moto.

Liko jambo moja zaidi la maharage, nalo si dogo. Mara nyingi nyumba za Wakristo huchanga chakula badala ya fedha: huyu huleta kilo moja, yule bakuli, mwingine fundo katika kitambaa. Ukiyamimina yote katika gunia moja, ya mwaka huu huiva, na ya mwaka juzi hubaki magumu kama kokoto. Basi sisi huyapokea na kuyatenga, ya zamani mbali na mapya, kisha huyaloweka usiku na kuyamwaga maji yale. Yale ya zamani hutangulia motoni. Hivyo kuni hupungua, wala hakuna mchango wa mtu unaotupwa.

Neno la michango lanifikisha kwenye habari iliyonifanya nishike kalamu. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kufundisha katika kambi ya usharika mwingine. Wenyeji walikuwa wakarimu mno. Ng'ombe alichinjwa, na wazee na wageni tuliandaliwa mezani kwanza, sahani zikajaa. Michango ilipokelewa mlangoni, na karani alisoma kwa sauti kila mtu alicholeta. Alikuwako msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa mjane, aliyeleta kikombe kimoja cha maharage. Kilisomwa nacho, na vijana wengine wakacheka. Jioni, mstari ulipopangwa, yule mtoto alisimama nyuma kabisa, na kila aliyekuja baada yake akampisha. Alipofika kwenye sufuria, upawa uligonga chuma. Mpishi akamtazama kwa huruma asiwe na la kumpa. Mtoto akasema, "Nimeshiba, Mama," akaenda zake.

Hakuwa ameshiba, maana sahani yake ilikuwa kavu. Tulimtafutia ndizi mbili, akazipokea kwa mikono miwili. Lakini kesho yake, fundisho lilipokuwa juu ya mikate mitano na samaki wawili, nilimwona ameinamisha uso muda wote. Mwaka uliofuata niliuliza habari zake, nikaambiwa hakutaka kuja tena kambini, wala hakusema sababu.

Nimelifikiri jambo hilo sana. Tunaposema chakula kimewapungukia watu wachache, twadhani ni bahati mbaya iliyomwangukia mtu yeyote. Si yeyote. Wa mwisho mstarini ni yule mdogo anayesukumwa, ni mwenye haya, ni aliyeleta kidogo akaona hana haki ya kutangulia, au ni yule aliyekuwa bado kisimani akiwachotea wengine maji. Upungufu wa sufuria hauchagui kwa kura. Humwendea daima mtu yule yule. Kwa hiyo mwenye kupanga chakula hana budi kuanza hesabu yake kwa mtu huyo, kisha arudi mbele.

Basi katika kambi zetu tuliweka kanuni tatu. Ya kwanza, michango hupokelewa faraghani. Jina huandikwa, na kiasi hakisomwi mbele ya watu. Ya pili, kila sufuria ina mgawaji mmoja na kipimo kimoja, na hakuna anayeongezwa mpaka wote wamepata. Ya tatu, viongozi na walimu, na mimi niliyepima, hula baada ya kijana wa mwisho.

Kanuni hiyo ya tatu ilikuwa na mashaka. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu kama baba, aliniambia, "Mwanangu, wataka mchungaji asimame nyuma ya watoto? Desturi yetu ni mkubwa kuheshimiwa." Nikamjibu, "Baba, heshima yenu haipungui. Ila mimi nikijua ya kwamba chakula kikipungua kitapungua kwangu na kwenu, nitapima kwa uangalifu zaidi." Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Kumbe umetufanya sisi kuwa mizani." Usiku ule alisimama nyuma yangu na sahani yake, na vijana walipomwona, wale waliokuwa wakisukumana mbele wakaacha wenyewe.

Katika Injili Bwana aliwaamuru makutano waketi makundi makundi kwanza, ndipo akawagawia. Na walipokwisha kushiba aliagiza mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Muujiza ule hautuondolei kazi ya kupanga. Mpango ulitangulia mkate, na hesabu ya mabaki ikaufuata. Kwa mfano huo nasi huweka akiba, lakini ya vitu vikavu tu, unga kilo 4 na maharage kilo 3, visivyopikwa ila kukiwa na haja. Akiba ya nyama huoza, na akiba ya unga hurudi. Kambi ikiisha, kilichobaki hupimwa mbele ya kamati, huandikwa, kisha hupelekwa kwa wasiojiweza wa kijiji kilichotupokea. Na daftari husomwa kanisani Jumapili ifuatayo, hata shilingi ya kiberiti.

Ndugu zangu, labda usharika wenu unajiandaa kwa kambi, au kwa mkutano wa akina mama, au kwa arusi. Yote ni mamoja. Msimpe kazi ya chakula mtu kwa sababu ana sauti kubwa sokoni. Mpeni ajuaye kuhesabu, naye amsikilize mama anayesonga ugali. Kisha mwekeni nyuma ya mstari, na sahani yake mkononi. Akiisha kula yeye, mtajua wote wameshiba.