Mechi Moja ya Msimbati

Katika gazeti letu la muhula uliopita iliandikwa kwamba mimi, mlinda mlango wa timu ya shule, nilimaliza mashindano nikiwa na mechi 6 pasipo kufungwa hata goli moja, na kwamba nilimpita mwenzangu wa shule moja ya upande wa Mikindani, aliyepata mechi 5. Baba aliisoma habari hiyo barazani, akawasomea na majirani. Tangu siku hiyo sina raha.

Wasiocheza mpira huenda wakauliza, mechi moja ina uzito gani? Inao. Katika Ligi Kuu ya msimu wa 2023/24, Ley Matampi wa Coastal Union ya Tanga alipata mechi 15 bila kufungwa, na Djigui Diarra wa Yanga akapata 14. Kila timu ilicheza mechi 30, na baada ya kazi yote hiyo wawili hao walitengana kwa mechi moja tu. Msimu uliofuata Moussa Camara wa Simba alifikisha 19. Hesabu hii haina huruma. Uokoe mipira 20, kisha ufungwe goli moja dakika ya 90, mechi nzima imefutika. (Na mabeki hawaandikwi popote, ingawa wangu walinikinga zaidi ya nilivyowakinga mimi.)

Basi, siku ile tulicheza Msimbati, juu ya mchanga, karibu na bahari. Mstari wa goli ulichorwa kwa kijiti, na kufika kipindi cha pili upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuufuta. Sisi tulikuwa tunaongoza 1–0. Zilipobaki dakika chache, mshambuliaji wao alipiga mpira wa chini, ukanipita ubavuni. Niligeuka nikaudaka, lakini ulikuwa umekwisha kupita usawa wa milingoti. Nikauvuta kifuani, nikaulalia.

Refa alikuwa mbali, na jua lilimpiga machoni. Alikuja mbio, akaniuliza, “Umeingia?”

Nikatikisa kichwa.

Yule mshambuliaji hakubisha sana. Alinitazama tu, akarudi kwa wenzake.

Kwa hiyo matokeo ya Msimbati ni 1–1, na hesabu yangu ni mechi 5, sawa na mwenzangu; ila yeye zake ni za haki zote. Zawadi ilikuwa jozi moja ya glavu, na glavu hazigawanyiki, huyu ya kulia na yule ya kushoto. Mwalimu wa michezo nimekwisha mweleza, naye amekubali nizipeleke mwenyewe Jumamosi.

Baba pia nimemwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama majirani atawaambia yeye ama mimi. Nilijibu kwamba nitawaambia mimi.