Juu ama Chini? Kutoka Kawangware Mpaka Geti la Busega

Kama umewahi kupanda teksi kwenda JKIA, hili swali unalijua. Dereva anakuangalia kwa kioo, anauliza: "Tupitie juu ama chini?" Juu ni Nairobi Expressway. Chini ni Mombasa Road na foleni yake. Ukiskiza vizuri, haulizi njia. Anauliza kama uko na doh.

Sisi wa Kibera hilo swali halitufikii sana. Mathree za huku hazina shughuli huko juu, hata namba 46 ya Kawangware, na boda hairuhusiwi kabisa. Ndo maana, ingawa hiyo barabara ilianza kutumika Mei 2022 na mwisho wake wa Westlands uko pale James Gichuru, karibu tu na Kawangware, geti ya kwanza ya barabara ambayo nimewahi kukaa kwa gari ikilipa haikuwa ya kwetu. Ilikuwa Uganda.

Stori iko hivi. Binamu yangu ni fundi wa nguo, na Agosti mwaka jana alipata kazi Entebbe. Anko wetu wa Kawangware ana Probox. Wakaelewana bei moja ya kumpeleka na vitu vyake: mafuta, chakula, kila kitu ndani. Godoro juu, cherehani nyuma, mimi katikati ya mabeseni kama mzigo mwingine. Ukikubali bei ya namna hiyo, kila shilingi barabara itakula inatoka kwa faida yako, na faida ya Anko ilikuwa tayari ina jina: fii ya mtoto wake, shule zikifungua mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo alijipanga. Alibeba logibuku, akachukua bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inayokubalika ng'ambo ya mpaka, akaangalia tairi mara mbili. Halafu akampigia rafiki yake anayeendaga Kampala kila wiki na kumuuliza kitu ambacho mimi singefikiria kuuliza: "Na barabara zenyewe ni pesa ngapi?" Jibu lilikuwa fupi. Nyingi ni bure, ile ya Entebbe inalipiwa, beba noti za kwao mkononi.

Hapo kwa noti nataka tukae kidogo. Geti ya barabara si duka la Mama Njeri. Huwezi kuambia mtu "nitakutumia jioni", na huku nyuma yako kuna magari sita yanapiga honi. Malaba, Anko alibadilisha pesa kidogo na akatenga noti mbili za elfu tano tano kwa kijisanduku cha mbele. "Hizi haziguswi," akasema, na akaniangalia mimi kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuitamani rolex ya barabarani. (Rolex ya Uganda ni chapati na mayai. Wasee wa saa, tulieni.)

Ukitoka Jinja unaingia Kampala, na kuna barabara ya kuzunguka mji, Northern Bypass, kutoka upande wa Namboole mpaka Busega. Hiyo haina geti. Geti inakungoja Busega, pale ambapo barabara mpya ya Entebbe inaanzia. Hiyo ilifunguliwa 2018, imejengwa kwa mkopo mkubwa wa benki ya Exim ya China, na kwa miaka kama mitatu na nusu watu waliitumia bure. Januari 2022 ndo vibanda vikaanza kazi. Gari ndogo, 5,000 ya Uganda. Unapanda na ukubwa wa gari hadi 18,000 kwa malori makubwa.

Binamu aliposema "ni elfu tano", Anko alijua bei, lakini mwili wake haukujua. Alishika usukani kama mtu anadungwa sindano. "Elfu tano? Kwani nanunua barabara?" Tukafanya hesabu: ni kama 180 zetu. Akapumua. Lakini hakuwasha gari. Aliuliza tena: "Na ile ya zamani bado iko?"

Iko. Barabara ya zamani ya Entebbe ilibaki, haina geti, ina maduka, ina taksi za kusimama kila mahali, ina foleni. Kwa hivyo swali lilikuwa lilelile la Nairobi, tofauti ni kwamba sasa aliyeulizwa alikuwa dereva mwenyewe, na mfuko ulikuwa wake. Akafanya hesabu yake kwa sauti: foleni ya zamani itakula mafuta, usiku utatukuta njiani, na godoro liko juu na mawingu yanakuja. Akalipa. Mama wa kibandani akamwambia "Webale, ssebo", akampa risiti, kizuizi kikainuka. Anko aliikunja ile risiti akaiweka kwa logibuku. Nilimuuliza ya nini na bei ni moja, hakuna wa kumrudishia. "Nikiulizwa kesho safari ya Entebbe ni ngapi," akasema, "nitakuwa najua."

Hiyo ndo kujua barabara. Sio kujua kona zake. Ni kujua inalipwa wapi, inahesabiwa vipi, na nani anatoa hiyo pesa, kabla hujakubali bei na mtu. Nairobi Expressway inahesabu kwa pale umeingilia na pale umetokea: tangu Januari 2024 gari ndogo ni kuanzia 170 hadi 500 ukitoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa teksi "pitia juu" na hamjaongea nani analipa, hapo hamjaagana, mmepanga ugomvi wa baadaye.

Lakini kitu kilinisumbua kwa ile barabara laini ya Entebbe. Boda za kawaida hazikuwepo. Pikipiki zinazoruhusiwa ni zile kubwa kubwa, zaidi ya cc 400. Nairobi ni vilevile: boda marufuku. Naelewa, mwendo wa huko si wa mchezo na mtu angekufa. Sasa skiza upande wa pili. Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina ushuru wa kutunza barabara ndani yake. Ulikuwa 18, Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Msee wa boda wa Olympic akijaza lita mbili, soo nusu imeenda kwa barabara kabla hajabeba mteja. Analipa geti kila siku, tu haioni.

Na pesa si kitu pekee watu hulipia barabara. Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera asubuhi mapema kufungua njia ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zilienda, shule zilienda, maelfu ya watu wakabaki nje. Hiyo barabara leo unapita bure. Hakuna kibanda, hakuna kizuizi.

Mtu akiniambia watu wa mtaa hawajazoea kulipia njia, huwa nacheka. Mvua kubwa ikinyesha, vijana wanaweka ubao juu ya mtaro, unatoa ashuu unavuka na viatu vikavu. Tofauti ni moja: yule wa ubao unaweza kubishana naye. "Buda, nitakulipa nikirudi." Na kama hutaki, unakunja suruali unapita kwa maji. Iko chini yake.

Hapo ndo msimamo wangu uko. Mimi sipingi geti. Anko alilipa na hakulia, kwa sababu alikuwa na njia nyingine na akaamua kwa hesabu yake mwenyewe. Mombasa Road bado iko. Entebbe ya zamani bado iko. Ninachotaka kuuliza ni kuhusu ile barabara tuliyopitia kufika Malaba: Rironi mpaka Mau Summit. Kazi ya kuipanua ilizinduliwa Novemba 2025, na mpango ni watu walipe wakiitumia. Kiasi kilichotajwa kwa gari ndogo ni shilingi 8 kwa kilomita. Hii haijengwi juu ya nyingine. Ni ileile, inapanuliwa. Sasa chini yake ni ipi?

Wazee wanaweza kukuambia geti si mpya Kenya. Zilikuwepo zamani, zikaondolewa, ushuru wa mafuta ukachukua nafasi yake, na majina yakabaki. Gilgil kuna mahali panaitwa Toll Station mpaka leo, na sisi tunapita tu kama jina la kawaida. Sasa tutakuwa na ushuru kwa mafuta na geti kwa barabara, zote mbili.

Fanyeni hesabu na mimi. Kilomita 175 hivi mara 8 ni 1,400. Tuseme nissan ya abiria 14 ilipe sawa na gari ndogo. Ni soo kwa kila kiti. Nusu ya Kawangware huenda Magharibi Desemba. Mama, baba, watoto watatu, kwenda na kurudi: thao nzima. Hakuna mmoja wao atawahi kuona hilo geti vizuri, watakuwa wamelala na kuku miguuni. Dereva atalipa, atakunja risiti, na wao wataambiwa tu kwa stage kwamba nauli imepanda, kama vile hupanda kila Desemba, bila kuonyeshwa ni shilingi ngapi ya geti na ngapi ya tamaa.

Kwa hivyo nina ombi. Ukipata tikiti ya Desemba iliyopita ya kwenu, ya Kakamega, ya Busia, ya Kisumu, hata kama imekunjwa kwa Biblia ya mamako, nitumie picha yake. Funika jina, acha tarehe na bei. Nazikusanya kabla hizo geti zisimame, ndio nauli ikipanda tuwe na ya zamani ya kuweka kando yake.