Mji ulioficha magari nyuma ya maduka ili watoto wacheze mbele

Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu, sehemu ngumu kuliko zote katika safari ya kwenda dukani ni pale gari linapoegeshwa. Mtoto akishuka tu anataka kukimbia. Dereva anayerudi nyuma hamuoni, maana kimo chake hakifiki hata kwenye kioo cha nyuma. Mkono mmoja wa mama umeshika mfuko, wa pili umemshika mtoto, na wa tatu haupo.

Ukifika Reston, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, shida hiyo huisha mapema kidogo. Gari linaachwa nyuma ya majengo, familia inapita kwenye uwazi kati ya maduka, na ghafla hakuna gari tena. Mbele kuna uwanja wa matofali, chemchemi, meza za kulia chakula na ziwa. Hapo ndipo wazazi wengi huachia mkono.

Hali hiyo haikuja kwa bahati. Ilipangwa kabla nyumba ya kwanza haijajengwa.

Reston ipo takriban kilomita 30 magharibi ya Washington, na ina wakazi zaidi ya 60,000. Haina meya wala halmashauri ya jiji, bali inasimamiwa na Kaunti ya Fairfax. Mwaka 1961 mfanyabiashara Robert E. Simon, ambaye familia yake ilikuwa imeuza ukumbi maarufu wa muziki wa Carnegie Hall mjini New York, alinunua hapo mashamba na misitu ya ekari zipatazo 6,750. Alizindua mji wake Aprili 10, 1964, siku aliyotimiza miaka 50, na jina akalipata kwenye herufi za kwanza za majina yake matatu: R, E na S.

Wakati huo vitongoji vya Marekani vilijengwa kwa mtindo mmoja. Nyumba zilikaa peke yake, maduka peke yake, na mbele ya maduka kulikuwa na uwanja mpana wa lami uliojaa magari. Bila gari, mama hakuweza kununua hata mkate. Simon alitaka watu waishi juu ya maduka, wafanye kazi karibu, na wazee wapate nyumba mtaa uleule walikolea watoto wao. Alitaka pia mji ulio wazi kwa watu wa rangi zote, jambo lililohitaji ujasiri katika Virginia ya mwaka 1964, miaka minne kabla sheria ya nchi nzima haijakataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Kanuni za ardhi za kaunti ilibidi zibadilishwe kwanza ili nyumba na maduka viruhusiwe kukaa pamoja.

Kituo cha kwanza cha mji kinaitwa Lake Anne, kwa jina la mke wa Simon wakati huo. Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa na watu. Uwanja wake umepinda kama herufi J kuufuata ukingo wa maji, kwa kuiga viwanja vya miji ya zamani ya Ulaya, hasa mji mdogo wa bandari wa Portofino nchini Italia ambao Simon aliupenda. Chini kuna maduka na migahawa, juu wanaishi watu, pembeni linasimama jengo refu la makazi, na kanisa nalo limo humo humo uwanjani.

Watoto wana chao pia. Mchongaji Gonzalo Fonseca, mzaliwa wa Uruguay, alitengeneza pale sanamu za zege ambazo si za kutazamwa kwa mbali. Mojawapo ina umbo la mashua, na watoto huipanda, hujificha ndani yake na kuifanya meli ya safari zao. Kwenye benchi moja ameketi Simon mwenyewe, wa shaba, na nafasi ya mtu mwingine kukaa pembeni yake imeachwa. Simon wa kweli alirudi kuishi hapo uzeeni na alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 101.

Magari yapo wapi? Yote yako upande wa nje, mgongoni mwa majengo. Kutoka kwenye gari hadi kwenye chemchemi ni mwendo wa dakika chache, na katika dakika hizo mtoto anavuka eneo la magari mara moja tu. Akishaingia uwanjani, hakuna lango la gari linalomkatiza, wala hakuna dereva anayezunguka akitafuta nafasi. Sehemu kubwa ya mji imeunganishwa kwa njia za miguu zenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, na mahali kadhaa njia hizo hupita chini ya barabara kubwa. Mtoto mwenye baiskeli anaweza kufika ziwani bila kusubiri taa.

Inafaa kufikiria pia ukubwa wa kitu chenyewe. Nafasi moja ya gari ina upana wa kama mita mbili na nusu na urefu wa mita tano na nusu. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, gari moja linachukua kati ya mita 25 na 30 za mraba, yaani zaidi ya chumba kikubwa cha kulala. Duka lenye nafasi 100 za magari limetandika lami ya theluthi moja ya uwanja wa mpira hivi. Lami hiyo ikiwekwa mbele, kila anayekuja kwa miguu ataivuka yote juani. Ikiwekwa nyuma, anayetembea anafika mlangoni moja kwa moja na mwenye gari ndiye anayezunguka. Nafasi ni zilezile. Tofauti ni nani anapewa ubora wa mbele.

Mmoja wa wasanifu waliochora Reston, James Rossant, ana uhusiano na Tanzania ambao wengi hawaujui. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na mpango mkuu wa kwanza wa mwaka 1976 uliochorwa na kampuni ya Canada, Rossant alipewa kazi ya kuchora mpango wa eneo la katikati la makao makuu hayo. Mpango wa 1976 wenyewe ulimfikiria zaidi mtu wa miguu, baiskeli na basi kuliko mwenye gari binafsi, maana ndivyo wananchi walivyosafiri. Kwa hiyo wazo la mji unaompa nafasi ya mbele anayetembea si la kigeni kwa Watanzania, lilishawekwa mezani miaka 50 iliyopita. Mzazi anayempeleka mtoto shule katika mji wowote wa Afrika Mashariki anajua kilichotokea baadaye: gari limepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zimeziba kona, na mtoto anatembea barabarani.

Lakini Reston nayo ina kidonda chake, na ni haki kukionyesha.

Kilichoifanya Lake Anne iwe nzuri ndicho kilichowaumiza wenye maduka. Anayepita na gari barabarani haoni duka hata moja. Anaona maegesho na migongo ya majengo. Mgeni asiyeelekezwa anaweza kupita bila kujua kuna ziwa. Wafanyabiashara wa pale wamehangaika kwa miaka mingi, na Simon mwenyewe alipoteza usimamizi wa mji mwaka 1967, mauzo yalipokuwa ya polepole kuliko alivyotarajia.

Kituo cha mtaa mwingine, Hunters Woods, nacho kilijengwa kikiwa na kiwanja cha ndani cha watu wa miguu. Biashara ikadorora, kikabomolewa katika miaka ya 1990, na mahali pake pakajengwa safu ya maduka yenye maegesho mapana mbele, sawa kabisa na maduka ambayo Simon aliyakimbia. Kina wateja. Mwenye gari anaona duka, anaegesha, ananunua, anaondoka. Kwa familia yenye haraka saa kumi na mbili jioni, hilo si jambo dogo. Ila hakuna anayekwenda pale na watoto kukaa tu.

Wale wanaoishi Lake Anne juu ya maduka nao hubeba mifuko yao kutoka kwenye gari hadi mlangoni, mvua ikinyesha au theluji ikianguka. Mwenye mtoto mchanga na kilo tano za unga anajua dakika tatu ni ndefu kiasi gani.

Jumamosi asubuhi, hata hivyo, maegesho hayo ya Lake Anne hubadilika. Magari huondolewa sehemu kubwa, na wakulima hupanga meza za nyanya, asali na maua juu ya mistari ileile ya kuegeshea. Lami ya nyuma inakuwa soko, na kwa saa chache mtoto anatembea huru hata huko. Pengine hiyo ndiyo picha bora ya kumpelekea afisa mipango miji yeyote.

Mwaka 1990 Reston ilipata kituo kikubwa zaidi, Reston Town Center, na waliokichora walikuwa wamejifunza. Safari hii barabara inapita katikati ya maduka. Magari machache huegeshwa sambamba na njia ya miguu, pande zote mbili, na kazi yao ni zaidi ya kupumzika: safu ya magari yaliyosimama inakuwa ukuta kati ya mtoto na gari linalotembea, na dereva hupunguza mwendo kwa sababu njia ni nyembamba. Magari mengi zaidi hupanda kwenye majengo ya maegesho ya ghorofa yaliyojificha nyuma ya maduka na ofisi. Majengo hayo hutambulishwa kwa rangi, hivyo hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kumkumbusha baba kwamba gari liko kwenye jekundu. Katikati kuna chemchemi, na msimu wa baridi banda kubwa la pale hugeuzwa uwanja wa kuteleza juu ya barafu.

Sheria ya Marekani inataka nafasi za watu wenye ulemavu ziwe kwenye njia fupi kuliko zote kufika mlangoni, angalau nafasi moja katika kila 25 za mwanzo, na pembeni yake ibaki mita moja na nusu ya kushushia kiti cha magurudumu. Mteremko uliotengenezwa kwa ajili ya kiti hicho ndio unaopitisha pia kigari cha mtoto. Akina mama wenye pacha huujua mteremko huo kuliko mtu yeyote.

Kwa zaidi ya robo karne kuegesha pale kulikuwa bure. Januari 2017 mmiliki wa eneo alianza kutoza kwa saa, na Machi mwaka huo wenye maduka na wakazi waliandamana. Baadaye masharti yalilegezwa. Hoja ya ada ina ukweli wake, maana jengo la maegesho ni ghali na mtu lazima alilipe, iwe kwa tiketi au kwa bei ya chakula. Lakini hasira ya familia nayo ilieleweka. Mahali palipotangazwa kuwa sebule ya mji, mtu hatarajii kulipishwa kiingilio.

Kwa familia inayotembelea Washington sasa kuna njia ya kuliacha gari kabisa. Treni ilifika ukingoni mwa Reston mwaka 2014, kwenye kituo cha Wiehle, ambako nafasi 2,300 za magari zilichimbiwa chini ya ardhi na juu yake pakaachwa kiwanja cha watu. Novemba 2022 ilifika kituo cha Reston Town Center, na hicho hakikujengewa maegesho yoyote. Unashuka, unapita daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, kisha unatembea kama robo saa hadi kwenye chemchemi. Njiani kuna barabara moja pana ya kuvuka yenye magari mengi. Hapo, mshike mtoto mkono.