Nilivyopatana na Kiza cha Kibokoni

Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Mombasa haikujengwa ili kulikaribisha jua. Kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti: mti wa mkoko hauvuki mbali bila kupinda, kwa hivyo chumba huishia pale boriti inapoishia, mita tatu au pungufu. Vichochoro navyo vimebanana, nyumba hii ikiipa kivuli ile. Mwezi wa Februari kila mtu hushukuru. Lakini mimi nilirudi Kibokoni kumtunza mama nikitokea Bamburi, kwenye nyumba yenye ua na bustani, na kwa muda mrefu kiza kile kilinikaa kifuani.

Nilitaka kutoboa dirisha. Nilijua fika kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi linalosimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na kwamba ukuta wa nje haubomolewi kwa matakwa ya mwenye nyumba tu. Nadhani nilichotaka hasa ni mtu wa kumnung'unikia. Vyungu vyangu vya maua vikaishia paani kimoja kimoja, nami nikawa mtu wa paani: nashuka kumpa mama dawa na chakula, kisha napanda tena.

Mpwa wangu alipopata kazi Doha aliniachia tangi lake la samaki, la kioo, lita 45 hivi, pamoja na gapi wake na mimea ya plastiki ya rangi ya waridi ambayo sikuipenda hata siku moja. Nikaliweka sebuleni chini, juu ya kabati zito, maana tangi lile likijaa maji na mchanga huwa zito. Mama akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Nyumbani kwa nyanya yangu, Lamu, walikuwa birikani," akasema.

Alikuwa akisema kweli. Majumba ya zamani ya Lamu yalikuwa na birika la maji katika chumba cha kuogea, na ndani ya birika walitiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Chini huwekwa bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi.

"Na hakuna aliyewawashia taa," mama akaongeza.

Wiki ile ile nilikuwa nimeshaulizia bei ya taa kubwa ya tangi. Nilitaka kuleta jua la Bamburi ndani ya kioo, kama nilivyotaka kulileta ndani ya ukuta. Maneno ya mama yaliniacha na swali jingine: ni mimea gani ingekipenda kiza hiki kama kilivyo?

Iko, tena si michache. Siri yake ni hesabu ndogo. Mmea wa majini hutumia mwanga, hewa ya ukaa na chakula kwa pamoja. Ukizidisha mwanga peke yake, mmea hauwezi kuutumia wote, na kinachonufaika ni mwani ule mwembamba wa kijani unaotanda kwenye kioo. Taa kali kwenye tangi dogo lisilopulizwa hewa ya ukaa ni kulima mwani. Mimea ya kivulini hukua polepole na hudai kidogo katika yote matatu. Mimi nimeiwekea taa ndogo ya LED inayowaka saa saba kwa siku kwa kidude cha kupima saa, na tokeni za umeme hazijaona tofauti.

Ninayoipenda kupita yote ni anubiasi. Ni mmea wa Afrika hii hii, wa Magharibi na Kati, Kameruni, Nijeria na Gaboni, ambako huota kando ya vijito chini ya misitu mikubwa. Jani lake ni gumu, la kijani kilichoiva, na hata samaki wapenda kuguguna huliacha. Ana sharti moja tu: shina lake nene linalotambaa lisifukiwe mchangani, litaoza. Nilichukua kigae cha mtungi uliovunjika, nikalilaza shina juu yake, nikalifunga kwa uzi mweusi wa cherehani bila kukaza. Baada ya miezi mizizi ilikuwa imekikumbatia kigae, uzi nikaukata. Jani jipya huja likiwa limejisokota, jepesi, karibu unaona ng'ambo yake, na hupita wiki kadhaa kabla ya kuja jingine. Kangaga la Java hupandwa vivyo hivyo, na huzaa vitoto kwenye ncha za majani yake. Hilo halihitaji maneno mengi.

Kriptokorini, mmea wa Sri Lanka, ndio ulionitia wasiwasi. Huu hupandwa mchangani, na ukihamishwa hukasirika: majani yote yaligeuka uji siku chache tu baada ya kuupanda. Nilimpigia simu kijana aliyeniuzia.

"Mizizi ni mizima?" akauliza.

"Mizima."

"Basi usiung'oe, mama. Toa uchafu, uache. Utakuja."

Ukaja, ukiwa na majani mafupi zaidi, ya kahawia, yaliyozoea maji yetu. Na maji yetu si laini. Kisima cha mtaani kina chumvi, sikitumii kabisa. Ya bomba, yanayotoka mbali kama Mzima kule Tsavo na Baricho kwenye Sabaki, huja yakitaka, na yakikosekana tunanunua mitungi ya mkokoteni. Huyaacha ndooni wazi usiku kucha klorini ipungue, kisha nabadilisha sehemu ya tano ya tangi. Yaliyotoka hupanda paani kumwagilia asumini na mrehani, ambayo haijawahi kupendeza hivi.

Neno moja kwa wanaotaka mimea ya bure: tafadhali msiitoe kwenye madimbwi ya Kwale. Konokono wadogo wanaojibanza kwenye majani ndio wanaobeba kichocho, na hakuna urembo unaostahili ugonjwa huo. Wala ya tangini isitupwe mtoni. Gugu maji limetufunza vya kutosha katika Ziwa Viktoria.

Siku hizi nashinda chini. Mchana nikimaliza kazi nakaa na mama mbele ya tangi, na mazungumzo tuliyoyakosa miaka yote niliyokuwa ng'ambo ya daraja tunayapata pale, kwa sauti ndogo, kwani chumba chenye kiza hakitaki makelele. Habari ya dirisha sijaitaja tena. Macho yamezoea, sasa paani saa saba mchana ndiko kunakonichosha.

Mama sasa anataka tangi lake, chumbani kwake, chumba cha ndani kabisa ambamo hata adhuhuri huwezi kusoma gazeti. Nilimkatalia. Kivuli ni kitu kimoja, na kiza kitupu ni kingine; anubiasi naye ana mpaka. Tumeafikiana juu ya mtungi wa kioo wenye kipande nilichokikata kutoka kwenye mmea mkubwa, shina lenye majani manne. Wiki moja unakaa mezani kwake, wiki tatu unarudi karibu na dirisha la mbele kupumzika. Nimeufunga kwa kitambaa cha chandarua, kwa sababu maji yasiyo na samaki hapa Mombasa ni ya mbu.