Wageni wa Ziwa na Wageni wa Ukurasa

Maandiko ni ya namna mbili: yako maandiko yakaayo, na yako maandiko yatendayo. Barua hukaa. Ikifunguliwa husomwa, ikikunjwa hunyamaza, wala haina mkono wa kuingia mfukoni mwa msomaji. Shairi hukaa, na hesabu ya duka hukaa. Skripti si ya namna hiyo. Skripti ni fungu la amri liwekwalo ndani ya ukurasa wa tovuti, ili kivinjari kilisome na kulitii papo hapo, katika simu ya msomaji mwenyewe, kwa umeme wake na kwa bando alilolinunua kwa fedha yake. Aandikaye habari huomba kusikilizwa. Awekaye skripti huomba kutiiwa. Tofauti hii ni ndogo kwa macho, maana yote mawili ni herufi tu, lakini kwa matokeo ni kubwa.

Watu wakaao Mwanza na pwani za Ziwa Victoria wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Ziwa lao, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lilipokea katika karne ya 20 wageni ambao hawakukaa kimya mahali walipotiwa. Watatu kati yao wafaa kukumbukwa. Wawili watatajwa sasa, na wa tatu atatajwa mahali pake.

Wa kwanza ni sangara. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960 kwa nia njema ya kuongeza faida ya uvuvi: samaki mkubwa awale wadogo wasio na bei, na yeye mwenyewe awe na bei. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na ajabu yoyote. Mara, katika miaka ya 1980, aliongezeka kwa kishindo. Furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa wakiwachunguza katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, walianza kutoweka aina kwa aina mbele ya macho ya wachunguzi wao. Walakini haki haina budi kutolewa hata kwa mlafi. Sangara huyo huyo alijenga viwanda vya minofu, aliajiri maelfu ya watu, na ada za shule za watoto wengi zilitoka katika mapezi yake.

Mgeni wa pili ni gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisafirishwa huku na huku duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Victoria, na Mto Kagera ulikuwa mmoja wa milango yake. Likazaana likafunika maji, likaziba mialo na njia za mitumbwi, likawanyima samaki hewa. Ua ambalo mtu mmoja alilipenda katika bwawa la bustani yake likawa mzigo wa mataifa matatu.

Ukurasa wa tovuti nao una historia ya namna hii. Kurasa za kwanza za Tim Berners-Lee, zilizofunguliwa kwa watu mwaka 1991, zilikuwa maandiko yakaayo. Mwaka 1995 Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape, alibuni kwa muda wa siku kumi lugha ambayo baadaye iliitwa JavaScript, na tangu hapo ukurasa ukapata mikono na miguu. Waliofaidika ni wengi. Bila skripti hakuna ramani isogezwayo kwa kidole, wala fomu isemayo papo hapo kwamba namba ya simu imepungua tarakimu moja.

Kisha ikaja mifumo ya kusimamia maudhui, ambayo humwezesha karani asiyejua lugha yoyote ya kompyuta kuandika habari, kubofya mahali pamoja, na kuiona habari ikitoka katika tovuti. Mmoja wa mifumo hiyo uliondoka mwaka 2005 katika mfumo mwingine ulioitwa Mambo, na waliouanzisha wakautafutia jina. Waliloliona linafaa ni neno la Kiswahili, jumla, wakaliandika kwa namna ya Kiingereza likawa Joomla. Huenda vijana wengi wa Tanzania wameutumia mfumo huo bila kufahamu kwamba neno la nyumbani kwao limewarudia limevaa mavazi ya kigeni. Jina lile lina hekima, kwa sababu tovuti ya namna hii ni mali ya jumla: wengi huandika, mmoja husimamia, na wasomaji wasiojulikana idadi hufungua. Palipo na jumla pana haja ya kanuni.

Kijana mmoja wa Mwanza aliyekuwa akiandika katika tovuti ya wafanyabiashara wa samaki alikutana na kanuni hiyo kwa hasira. Alitaka kuweka kikokotoo katika ukurasa wa bei, ili mnunuzi aandike idadi ya magunia ya dagaa, apate jumla ya fedha pamoja na nauli ya kuyavusha mpaka Nansio. Aliziandika amri zake vizuri, akazibandika katikati ya makala, akahifadhi. Alipoufungua ukurasa, maneno yake yote yalikuwapo, lakini skripti haikuwapo. Akabandika tena, ikatoweka tena. Akamwendea msimamizi wa tovuti, mtu aliyemzidi umri kwa miaka michache.

"Kaka, mfumo huu unanidhulumu. Nifungulie chujio nipite."

"Nikilifungua kwa ajili yako, mdogo wangu, nitakuwa nimelifungua kwa kila mwenye cheo kama chako, na kwa kila mwizi atakayeiba nywila yako."

Jibu hilo lilikuwa na kweli ndani yake. Joomla humpangia kila kundi la watumiaji chujio lake: mwandishi wa kawaida huondolewa skripti katika makala yake, na msimamizi mkuu ndiye aachwaye huru, tena kihariri chenyewe, kile kisanduku cha kuandikia, huwa na desturi ya kuikataa skripti hata kabla chujio halijaifikia. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, hufuata njia iyo hiyo. Katika tovuti ya kawaida msimamizi na mhariri huruhusiwa, mwandishi na mchangiaji huzuiwa. Na tovuti nyingi zinapokuwa chini ya paa moja, ruhusa hubaki kwa msimamizi mkuu peke yake.

Sababu ya ukali huo ni kwamba skripti haitendi kwa cheo cha aliyeiandika, bali kwa cheo cha aifunguaye. Mwandishi mdogo mwenye nia mbaya aweza kuificha katika makala, ikangoja. Siku msimamizi atakapoifungua makala ile ili aisahihishe, amri zitaamka ndani ya kivinjari cha msimamizi, na zitaweza kuumba mtumiaji mpya mwenye madaraka yote. Mfumo hautashangaa, kwa maana unaona amri imetoka kwa mwenye mamlaka. Ni sawa na mtumishi aliyeupata muhuri wa bwana wake usiku: barua zitakazopigwa muhuri ule zitatiiwa asubuhi, na bwana atalaumiwa kwa maneno asiyoyasema.

Kikokotoo cha kijana hakikutupwa. Msimamizi alikisoma mstari kwa mstari, akakiweka katika moduli peke yake, nje ya makala, na makala ikapewa alama ya kuiita moduli ile. Faida ya mpango huo ni nyingi. Skripti ikikaa mahali pamoja, hurekebishwa mara moja; ikitawanywa katika makala hamsini, hutafutwa mara hamsini, na ya hamsini na moja husahauliwa. Tena mwandishi aendelea kuandika bila kupewa ufunguo wa nyumba nzima.

Hata hivyo ridhaa moja huzaa nyingine. Baada ya kikokotoo pakaombwa kihesabio cha wageni, kisha ramani, kisha picha ya hali ya hewa yenye mawingu yatembeayo. Kila kimoja kilibandikwa kutoka kwa kampuni ya mbali, na kila kimoja kilikuwa na ua lake la zambarau. Siku moja kijana alipita Mwaloni Kirumba, akamwamkia mama mmoja muuza dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ule ukurasa wenu unaringa siku hizi. Nataka bei, unanionyesha ramani. Nikiingoja ramani iishe, bando limekwisha."

Mama yule hakujua neno skripti, lakini alitoa hukumu ambayo mabingwa wengi huifikia kwa safari ndefu. Mwenye tovuti huweka skripti bure. Msomaji ndiye ailipiaye. Ofisini mjini, penye mtandao wa kasi na kompyuta kubwa, ukurasa hufunguka kabla ya kupepesa jicho. Kisiwani Ukerewe, kwa simu ya bei ndogo, gharama ni nyingine. Mwenye kupima ukurasa wake kwa simu yake nzuri amejipima mwenyewe, hakumpima msomaji.

Gharama ya fedha ni ndogo kuliko gharama ya amana. Tarehe 11 Februari 2018 tovuti zaidi ya 4,000 duniani, zikiwamo za idara za serikali ya Uingereza, zilikutwa zikitumia kompyuta za wasomaji wao kwa siri kuchimba fedha za kidijiti. Hakuna aliyevunja mlango wa tovuti hizo. Zote zilikuwa zimebandika skripti moja, Browsealoud, iliyosoma maandishi kwa sauti ili kuwasaidia watu wenye shida ya kusoma. Wezi waliibadili skripti hiyo huko ilikokuwa ikitunzwa, na kwa kitendo kimoja wakaingia katika nyumba elfu nne. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya polyfill.io, jina lililoaminiwa na tovuti zaidi ya 100,000: jina lilipouzwa, mnunuzi akarithi imani ya watu wasiomjua, na skripti ikaanza kuwapeleka baadhi ya wasomaji mahali pasipofaa. Mgeni aliyekaguliwa jana si lazima awe ndiye yule yule leo, ikiwa kila siku hutoka na kuingia upya.

Je, basi, milango yote ifungwe? La. Hapa ndipo mahali pa mgeni wa tatu wa ziwa. Katika miaka ya 1990 mbawakavu wadogo waliletwa kupambana na gugu maji. Asili yao nao ni Amerika ya Kusini. Kwa ugeni hawakupungukiwa na sangara. Lakini hawakumwagwa majini kwa matumaini. Kwanza walijaribiwa mahali palipofungwa, wakapewa mimea mingine ili ionekane kama wataila mazao ya watu, na walipothibitika kuwa chakula chao ni gugu lile ndipo walipoachiliwa. Walifanya kazi kubwa. Gugu halikwisha, ila katika sehemu nyingi lilipungua, na mashamba hayakuguswa. Ziwa halikuokolewa kwa kuwachukia wageni, bali kwa kuwajua kabla ya kuwapokea.

Mtunza tovuti anazo njia za kufanya vivyo hivyo. Akiweza, na aisome skripti, kisha aitunze nakala yake katika seva yake mwenyewe, isibadilishwe na mtu wa mbali. Ikiwa haina budi kutoka mbali, kipo kipimo ambacho kamati ya viwango vya mtandao, W3C, ilikipitisha mwaka 2016: ukurasa hubeba alama ya skripti kama alama ya dole gumba, na kivinjari hukataa kuitenda skripti ambayo alama yake imebadilika hata kwa herufi moja. Aweza pia kukiandikia kivinjari orodha ya mahali ambapo skripti zaruhusiwa kutoka, na pengine pote pakakataliwa. Kwa ramani na vitu kama hivyo kuna fremu ya ndani, ambayo ni baraza ya ukurasa: mgeni hukaa nje, hukirimiwa, huonekana, lakini hafiki chumbani wala hasomi barua zilizomo. Na kwa kihesabio cha wageni ni wajibu kuuliza kinapeleka wapi habari kinazozikusanya, kwa kuwa tangu Mei 2023 Tanzania ina sheria itumikayo ya kulinda taarifa binafsi, na kutojua yaliyomo katika skripti si udhuru mzuri mbele ya sheria.

Baada ya njia hizi zote husalia swali jepesi ambalo aghalabu huachwa nyuma: je, kazi hii yahitaji andiko litendalo, au andiko likaalo latosha? Bei ya dagaa yaweza kuandikwa kwa tarakimu. Saa ya meli kuondoka kwenda Nansio yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja, nao ukafunguka katika simu mbovu na mtandao hafifu. Kikokotoo kilistahili skripti, kwa sababu kilifanya hesabu. Mawingu yatembeayo hayakustahili, kwa sababu aliye ufukweni huyaona mawingu yenyewe kwa kuinua kichwa.

Msomaji afunguaye ukurasa hutoa ruhusa asiyoijua ukubwa wake. Hatii saini, haulizwi, wala hana njia nyepesi ya kuzikagua amri kabla ya simu yake kuzitii. Kwa hiyo mwenye kuuweka ukurasa amekuwa wakili wake, apende asipende, na wakili hupimwa kwa yale ayafanyayo wakati mwenye mali amelala. Wavuvi wa furu hawakuulizwa siku sangara alipotiwa majini. Msomaji wa Ukerewe naye haulizwi, na kwa kuwa haulizwi, yampasa mtunza ukurasa kujiuliza kwa niaba yake, kabla ya kubofya mahali palipoandikwa hifadhi.