Gari la uani na macho ya mtoto

Baba mmoja wa Nyakato, jijini Mwanza, alitaka kutoa Corolla yake iliyolala uani miaka miwili iwasaidie watoto wasioona wa Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi. Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, matairi na mafuta atanunua nani?"

Swali la maana. Hata Marekani, magari mengi yanayotolewa sadaka huuzwa, na fedha ndizo zinazofanya kazi. Corolla ikiuzwa inaweza kugeuka karatasi za nukta nundu, fimbo nyeupe, au nauli ya mama wa Ukerewe kumvusha mwanawe ziwa hadi Bugando. Nauli hiyo si jambo dogo. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho akichelewa kufanyiwa upasuaji, ubongo wake haujifunzi kuona, na baadaye hata upasuaji mzuri haurudishi yote.

Mwenye gari la namna hiyo aulize kwanza kinachohitajika, kisha akamilishe kubadili umiliki TRA. Na mzazi anayeona weupe kwenye mboni ya mwanawe asisubiri sadaka ya mtu. Amuwahishe hospitali.